Bustani Haina Mwenyewe?

Kitu kikiwa cha wote, nani ana haki ya kusema hakiuzwi? Swali hili si la maprofesa peke yao, ndugu msomaji. Liko pale Moi Avenue, Nairobi, kwenye ekari tano za nyasi na miti ziitwazo Jeevanjee Gardens.

Bustani hii ni zawadi. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyezaliwa Karachi na kupata mali kwa kuwapelekea wajenzi wa reli vibarua na vyakula, aliwapa watu wa mji bustani hiyo mwaka 1906. Akasimamisha humo sanamu ya Malkia Victoria. Sanamu ilivunjwa mwaka 2015. Malkia kaenda, nyasi zimebaki.

Hebu ingia saa saba mchana. Huyu anahubiri, yule anachekesha watu, wale wanabishana siasa mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Mwingine kalala fofofo. Ametembeza vyeti maofisini tangu asubuhi. Hakuna anayemwuliza, "Wewe, umenunua nini?"

Jamaa wa pesa akipita hapo huona hasara. Ardhi ya bei kali namna hii, imelala tu! Ndiyo maana mwaka 1991 ulizuka mpango wa kujenga hapo maegesho ya magari ya ghorofa. Aliyesimama kidete kuupinga ni Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, na watu wakamwunga mkono. Mpango ukafa.

Twamshukuru sana. Lakini kwa nini tungojee mjukuu wa mtoaji? Zawadi ikishatolewa si ya ukoo tena. Ni ya yule anayelala pale. Cha mtu mmoja hulindwa na mwenyewe. Cha wote, kila mtu hudhani jirani ndiye askari. Mnyakuzi anaijua siri hiyo vizuri kuliko sisi.

Wengine watasema maskini hali nyasi, heri ghorofa lilete kazi. Hoja ina uzito, siibezi. Lakini ghorofa laweza kujengwa kwingine. Asiye na shilingi mfukoni, atakaa wapi kwingine katikati ya mji asifukuzwe? Mtu akinyimwa hata pa kupumzika bila kulipa, mji umemhesabu mteja tu, wala si mwananchi.

Basi wewe utakayejinyoosha pale kesho, jihesabu mwenye shamba. Siku wakija na mabati ya kuzungushia, usiulize mwenyewe yuko wapi.