Mwendo wa Wimbo wa Mwenzako

Zamani, kijana msomaji, santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilipochezwa kwa mizunguko 45, wimbo ulijikokota na sauti ya msichana ikawa nzito kama ya mzee. Kila aliyesikia alicheka, akajua kuwa pana hitilafu. Simu iliyo mfukoni mwako haijifichui hivyo. Huikata sauti vipande vidogo mno, ikavirudia au ikavipunguza. Mwendo ukabadilika, na sauti ikabaki juu au chini pale pale ilipokuwa. Basi je, ni haki kuubadili mwendo wa wimbo wa mtu asiyeweza kukuuliza kwa nini?

Tutazame mfano wa Bonde la Ufa. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, magharibi ya Nakuru, akanasa nyimbo za wenyeji. Mmojawapo uliimbwa na Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake, kwa kinubi kiitwacho chepkong. Wimbo ulimtaja Chemirocha, nalo ni jina la Jimmie Rodgers lililogeuzwa. Huyo alikuwa mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko. Wasichana walimfanya kiumbe nusu mtu, nusu swala.

Pengine utasema: wao walimgeuza Rodgers kuliko kompyuta yoyote, mbona mimi nikatazwe kuuharakisha wimbo wao ufae kupigwa katika matatu ya Nakuru? Hoja hii ina nguvu, wala siitupi. Lakini wasichana wale waliimba kwa vinywa vyao wenyewe, na hapana aliyewasikia akadhani anamsikia Rodgers. Wewe ukiiharakisha rekodi yao, unaitia haraka yako katika kinywa cha Chemutoi, na msikilizaji ataamini kuwa pumzi zile fupi ni zake. Ukitaka wimbo wa haraka, uimbe mwenyewe. Hapo ndipo utakapokuwa umefanya kama walivyofanya wao.

Sisemi kuwa kuubadili mwendo ni haramu. Anayejifunza chepkong afanya vyema kuupunguza wimbo hata nusu, apate kusikia kila uzi unavyoguswa. Huyo hamdanganyi mtu. Mpiga muziki wa arusini naye, akitangaza kuwa ameuharakisha wimbo, simlaumu sana, ingawa masikio yangu hayampendi. Shaka yangu ni juu ya yule anayewapelekea rafiki zake faili iliyobadilishwa, yenye jina lile lile la mwimbaji, bila neno.

Rekodi za Tracey zimehifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, huko Makhanda, Afrika Kusini, na nakala zake zimerudishwa kwa Wakipsigis. Mzee aliyeucheza wimbo ujanani aweza kusema, "Sivyo tulivyokwenda." Mtoto anayezaliwa Kapkatet leo hana mwendo mwingine wa kuulinganisha, ila ule atakaoukuta katika faili.