Shahidi Aliyeitwa Mhaini: Imani na Uzalendo wa Janani Luwum

Neno shahidi lina maana mbili katika Kiswahili, yaani mtu anayeeleza alichokiona mbele ya hakimu, na mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani yake. Na Wakristo wamezishika maana hizo pamoja tangu karne za kwanza, kwa kuwa hata neno la Kigiriki walilowaitia wafiadini wao lilitoka mahakamani. Kifo cha Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, aliyeuawa tarehe 16 Februari 1977, hakieleweki sawasawa kwa kushika maana moja na kuiacha nyingine.

Luwum, Mwacholi aliyezaliwa mwaka 1922 na kuokoka mwaka 1948 katika uamsho wa balokole, yaani "waliookoka" kwa Kiganda, alipewa uaskofu mkuu mwaka 1974, miaka mitatu baada ya Idi Amin kumpindua Rais Milton Obote. Alikuwa na desturi ya kumwendea Amin mwenyewe ili kuwaombea waliokamatwa na kuuliza habari za waliopotea, na wapo waliomlaumu kwamba anajipendekeza kwa wakubwa. Lawama hiyo haikuwa ya haki, kwani anayemwambia mtawala yale ambayo washauri wake hawathubutu kuyatamka bado anamhesabu kuwa mtu anayeweza kutubu, na nchi yake kuwa nchi inayoweza kupona.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 askari waliivamia nyumba yake kilimani Namirembe wakidai kutafuta silaha, wakapekua vyumba vya kulala, mahali pa sala, hata ghala la chakula, wasipate kitu. Siku chache baadaye maaskofu walimwandikia Amin barua ya kulalamikia upekuzi huo na mauaji yaliyokuwa yakiendelea nchini, wakaitia sahihi zao. Sahihi hizo zina uzito kuliko hotuba yoyote, maana anayekula njama huficha jina lake, na shahidi hulitaja.

Uzalendo, kwa maana ya kuipenda nchi na watu wake, ulikuwa umegeuzwa kuwa utii kwa mtu mmoja, na ndiyo sababu askofu aliyewatetea raia aliitwa mhaini, akashtakiwa kushirikiana na Obote aliyekuwa uhamishoni Tanzania. Aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba wamekufa katika ajali ya gari, lakini jeneza lilipofika kwao Mucwini na kufunguliwa, matundu ya risasi yalionekana mwilini.

Utayari wa kufa peke yake hauthibitishi ukweli wa imani, kwa kuwa wapo pia wanaoufia uongo, tena wakiwaangamiza wengine pamoja nao. Kanisa la kale halikumsifu aliyejipeleka kwenye kifo kwa kukitamani. Lilimheshimu aliyekabiliwa nacho kwa sababu hakukubali kukana. Luwum hakumwaga damu ya mtu, wala hakukimbia alipoitwa na Amin.

Namirembe, karibu na kaburi la Askofu James Hannington aliyeuawa mwaka 1885, kaburi la Luwum lilikuwa limekwisha kuchimbwa, lakini mwili wake ulikuwa umepelekwa Mucwini. Waumini wakakusanyika kwa maelfu, wakaimba kulizunguka likiwa tupu.