Misumari na Watu



Mtoto wangu ametengeneza, kwa plastiki ya mabidoni, mfano wa mashua ya vita iliyoitwa Mimi. Mzinga wa mbele upo, usukani upo, hata misumari aliihesabu. Nikamuuliza: «Na watu wako wapi?» Akajibu: «Papa, natengeneza mashua tu.»

Mwaka 1915 Waingereza walileta Mimi na mwenzake Toutou kwa treni mpaka Fungurume, jirani na Kolwezi yetu. Kutoka pale zilikokotwa kwa injini za mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, kisha zikashuka Lualaba, ziende kupigana na Wajerumani katika ziwa Tanganyika. Mamia ya babu zetu walifyeka njia na kujenga madaraja. Akina mama walibeba maji ya injini. Vita haikuwa yao.

Je, kutengeneza mfano wa silaha ni dhambi? Sioni hivyo; subira ya mikono ni zawadi ya Mungu. Lakini anayehesabu misumari na kusahau watu, amesema nusu ya ukweli.

Sasa mtoto anachonga wavuta kamba. Majina yao hatuyajui. Mungu anayajua.