Nafaka Kavu Juu, Iliyorowa Chini



Ndugu zetu Waislamu, kila aliyesoma chuoni aijua khabari ya Bwana Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, na vidole vyake vikatoka na majimaji. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka iliyorowa juu, watu wakaiona. Kisha akamtenga mwenye kughushi na umati wake. Nasi twaikumbuka khabari hiyo kila tukiutazama mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, katika bara ya Lamu.

Mtambo huo ulikuwa uwe wa megawati 1,050. Makaa huchomwa, maji yakachemka, na mvuke ukazungusha mashine. Hiyo ni elimu, na elimu si adui wa dini. Lakini moshi wake una gesi ya salfa, na vumbi jembamba liingialo mapafuni, na zebaki, ambayo ikishuka majini huingia katika samaki, na katika samaki ikamfikia mwenye kumla. Majivu hayapotei, hulundikwa, nayo yana sumu. Na maji ya bahari yaliyopoza mashine hurudishwa baharini yakiwa ya moto, na hapo kwenye mikoko ndipo wazaliapo samaki na kamba. Mvuvi wa Lamu hana shamba jingine.

Je, watu walionyeshwa hayo? Ruhusa ya mazingira ilitolewa Septemba 2016. Jumuiya ya Save Lamu na wenzao wakaipinga, na tarehe 26 Juni 2019 baraza la hukumu za mazingira likaifuta. Liliona kuwa mikutano iliyofanywa na raia ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu, kabla uchunguzi wa madhara haujakamilika. Nao ulipokamilika, raia hawakurudiwa wakashauriwa inavyotakiwa. Hiyo ndiyo nafaka kavu ya juu. Kampuni ikakata rufani, na mwaka 2025 mahakama ya Malindi ikaikataa.

Lakini tusijisifu kwa ushindi walioupata wengine. Wako katika sisi waliosema kuwa lililoandikwa litakuwa, basi tunyamaze. Nahodha aonaye maji yaingia ngamani, naye akakaa akisema ni kadari, hatumwiti mwenye kutawakali. Wako na waliosema kuwa mambo ya umeme ni ya serikali, hayamhusu mwenye dini. Vipi yasimhusu, na kujiepusha na kumdhuru jirani ni katika imani yake? Umeme twautaka, misikitini na hospitalini. Na Kenya hii hii huupata katika mvuke wa ardhini wa Olkaria, na katika mito, na katika upepo wa Turkana.

Vijana walioutaka mtambo kwa ajili ya kazi hatuwalaumu. Njaa si dhambi. Alaumiwa aliyewatajia mshahara asiwatajie majivu.

Tena twajilaumu sisi masheikh. Waliokwenda kushitaki walishinda kwa kuyasoma makaratasi ya mradi, ukurasa kwa ukurasa. Wangapi katika sisi tuliyafungua? Miaka ile wengi wetu tulikuwa tukibishana juu ya khitima na maulidi, na kila mmoja ana hoja zake kwapani!

Kwa hivyo twapendekeza jambo moja. Ukija mradi mwingine katika pwani yetu, uwe wa makaa, wa bandari au wa chumvi, uchunguzi wake utafutwe mapema, usomwe msikitini baada ya Ishaa. Makaratasi hayo huandikwa kwa Kiingereza kizito. Basi aitwe mwalimu wa skuli afasiri, na mvuvi akae mbele aulize. Na wanawake wapate nafasi ya kusikia na kuuliza, kwani wao ndio wapikao hao samaki. Darsa zetu siku hizo zaweza kungoja.