Wengi Wape Nini?

Barazani kwetu Tanga mambo ya nchi huamuliwa baada ya magharibi. Muuza kahawa anaweka dele lake juu ya jiko la mkaa, anagonganisha vikombe viwili ili walio mbali wajue amefika, na kabla kashata hazijaisha serikali imeshavunjwa na kuundwa upya. Jioni moja nilifanya utundu. Nikauliza, "Jamani, bangi ihalalishwe?" Jibu lilikuja kwa sauti moja kama watu wanaoitikia dua: hapana, haiwezekani, audhubillahi. Fundi cherehani mmoja, mtu ninayemheshimu sana, akaongeza kwamba wavutaji wote wakusanywe wapelekwe gereza la Maweni wakale ugali wa serikali.

Niliacha mazungumzo yapite kwenye bei ya sukari, kisha nikarudi na neno jingine: "Basi iruhusiwe?" Hapo pakawa na minong'ono. Mmoja akasema kama ni kwa tiba, na madaktari wenyewe wameona inafaa, si vibaya. Mwingine akataka kujua halmashauri itapata ushuru kiasi gani. Mara ya tatu nikauliza hivi: "Mtu mzima anavuta chumbani kwake, usiku, mlango umefungwa, hamsumbui mtu. Afungwe?" Pakawa kimya. Muuza kahawa akapepea mkaa wake. Mwishowe mzee mmoja akasema, "Sasa huyo, mwanangu, utamjuaje?" Mjadala ukaanza upya kana kwamba hatujajibu chochote tangu tukae.

Ningeweza kuwaita wenzangu vigeugeu, lakini nisingewatendea haki. Kilichogeuka ni kitenzi. Kiswahili hakina neno jepesi la kusema kwamba sheria iache kukataza jambo fulani. Tunasema "kuhalalisha", na neno hilo lilikaa msikitini muda mrefu kabla halijafika bungeni. Ukimwuliza mtu wa pwani kama kitu kihalalishwe, umemwuliza kama kiwe halali, na halali haimo mikononi mwa Spika wala Rais. Waliojibu hapana hawakuwa wanaizungumzia sheria ya nchi hata kidogo. Walikuwa wanakiri imani yao, mbele ya majirani, dakika chache baada ya sala. Angalia bia. Inauzwa hatua chache kutoka pale tulipokaa, ina leseni, inalipa kodi, na sijawahi kumsikia mtu akisema bia imehalalishwa. Tunasema inauzwa, basi.

Tangu jioni ile najiuliza maoni ya umma ni kitu gani hasa. Tunayazungumzia kama maji kisimani: yapo chini, yametulia, kazi yetu ni kushusha ndoo tujue kina chake. Ningekubali mfano huo kama maji yangekuwa yanabadilika kuwa chumvi au baridi kulingana na ndoo iliyoshushwa.

Marekani wana mazoea ya kuuliza swali moja kwa maneno yale yale miaka nenda miaka rudi. Wapimaji wa maoni wa Gallup waliuliza kuhusu bangi mwaka 1969, na waliotaka iwe ruksa kisheria walikuwa asilimia 12. Mwaka 2023 walikuwa asilimia 70. Watu husoma tarakimu hizo kama safari ya taifa kutoka gizani kwenda nuruni, au kinyume chake, inategemea msomaji anasali wapi. Mimi naona jambo dogo zaidi. Aliyejibu mwaka 1969 aliposikia neno bangi aliwaona mahipi na maandamano ya kupinga vita vya Vietnam. Aliyejibu mwaka 2023 ameshapita mbele ya duka la bangi lenye taa, vioo, risiti na mlinzi mlangoni, maana Colorado na Washington zilipiga kura ya kuiruhusu tangu Novemba 2012 na majimbo mengine yakafuata. Swali limebaki lile lile, kitu kinachoulizwa kimehama. Na wengi hao, kwa wingi wao wote, kwa miaka zaidi ya kumi walikuwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 iliyoendelea kuikataza. Wengi walisema, hawakupewa.

Mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu alikwenda mbali zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alidai kwamba maoni ya umma, kwa jinsi wapimaji wanavyoyaelewa, hayapo. Hoja yake moja inanigusa: ukimwuliza kila mtu swali moja, umeshachukulia kwamba kila mtu alikuwa nalo swali hilo kabla hujafika. Sifiki alipofika yeye. Barazani kwetu maoni yalikuwepo, tena kwa kelele. Ila yalikuwa matatu, na kila moja lilikuwa la kweli.

Kuna jambo linalonisumbua kuliko hilo la maneno. Mara moja nilipanda basi kutoka Mombasa kurudi Tanga. Jirani yangu kitini, kijana mchangamfu, alikuwa anatafuna miraa tangu Likoni, amebana bigijii shavuni, anahadithia kila kitu. Tulipokaribia mpaka wa Lunga Lunga akanyamaza. Akafungua chupa ya maji, akasukutua, akatema nje, akafagia majani yaliyomdondokea mapajani, na kitita kilichobaki akakirusha dirishani bila hata kukiangalia. Horohoro tulipogongewa mihuri alikuwa mtu mwingine, amechomekea shati. Upande tuliotoka mmea ule ni zao linalotambuliwa na sheria, na wazee wa Meru wamesomeshea watoto. Upande tulioingia unaitwa mirungi na umo kwenye sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, pamoja na bangi. Waulize watu wa pande mbili hizo wanauonaje mmea huo, utapata maoni mawili ya umma yaliyotenganishwa na kizuizi cha barabarani. Sidhani kama dhamiri za binadamu hubadilika kati ya Lunga Lunga na Horohoro.

Hapo ndipo ile hoja ya kawaida, kwamba sheria ifuate maoni ya watu, inapoanza kunipa wasiwasi. Maoni nayo yamefuata sheria. Bangi iliingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya vitu vya kudhibitiwa mjini Geneva mwaka 1925, kwa msukumo mkubwa wa Misri, katika mkutano wa kasumba. Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliokaza kamba hiyo ulitiwa saini Machi 1961, na mwezi huo Tanganyika, Uganda na Kenya zote zilikuwa bado chini ya Mwingereza. Hakuna babu yetu aliyeulizwa. Kilichofuata ni miongo ya askari, mahakama, redio na walimu wa nidhamu wakirudia jambo moja. Leo ukimwuliza mjukuu kama bangi ni uhalifu na akajibu ndiyo, umesikia rai yake au umesikia sheria ikijitolea ushahidi kwa mdomo wa kuazima?

Nisieleweke vibaya. Simaanishi kwamba wanaokataa wamekaririshwa tu. Mtaani kwetu kuna kijana aliyekuwa hodari wa hesabu. Alianza kuvuta akiwa bado shule, kila siku, na akili yake ikaanza kumponyoka. Leo anazungumza na kuta. Hatujui kama ni bangi peke yake, na madaktari wenyewe husema mambo hayo huwa na mizizi mingi, lakini wanasema pia kwamba kuvuta sana katika umri mdogo huongeza hatari ya maradhi ya akili. Mama yake hana haja ya kusoma utafiti. Jaji Mwingereza Patrick Devlin, katika mhadhara wake maarufu wa mwaka 1959, alitetea watu kama mama huyo: jamii ina haki ya kulinda maadili yake, na mtu wa kawaida asilazimishwe kutoa hoja za kitaaluma kabla chukizo lake halijasikilizwa. Wasomi wengi walimcheka. Mimi simcheki. Namwuliza tu, mama yule akisema "hapana", anakataa nini? Anakataa mwanawe kuharibika. Nilimsikia mwenyewe akisema kwamba siku polisi walipomchukua mwanawe ndiyo siku aliyolia zaidi.

Kisha kuna kicheko. Mwaka 2022 nchini Kenya, Profesa George Wajackoyah wa chama cha Roots aligombea urais akiahidi kulima bangi na kuiuza nje ili kulipa deni la taifa, pamoja na kufuga nyoka na kuwauzia Wachina korodani za fisi. Alipopita, barabara zilijaa. Vijana walikimbia kando ya gari lake, simu zilijaa video zake, na hata huku kwetu barazani watu waliosema audhubillahi waliziangalia mara tatu tatu. Agosti kura zilipohesabiwa alipata 61,969, kama asilimia 0.44. Wachambuzi walisema Wakenya wameikataa bangi. Sina hakika. Mtu anayecheka anakubali kwa muda, bila kuweka rehani chochote. Anaonja wazo halafu anafuta mdomo, kama jirani yangu wa kwenye basi. Na aliyempigia kura Ruto au Raila Agosti ile hakuwa amejibu swali la bangi. Alikuwa na maswali mengine mezani. Kilichonivutia zaidi ni ile ahadi yenyewe: bangi ya kuuza nje. Rwanda nayo imeruhusu kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya soko la nje, huku raia akivuta bado ni kosa. Mmea ukisafiri unakuwa fedha za kigeni. Ukibaki nyumbani ni uovu. Mkulima aliyeelewa mantiki hiyo anieleze.

Waswahili tuna kauli ya kumalizia ubishi: wengi wape. Huwa inasemwa kwa kushusha mabega, maana mwenye kuisema mara nyingi ndiye aliyeshindwa, na anajua ule mkia wake kwamba usipowapa watachukua. Lakini isome kama mwalimu wa sarufi. Kupa ni kitenzi chenye pande tatu: anayepa, anayepewa, na kinachopewa. Methali imetaja wengi ikanyamaza kuhusu kitu. Wape nini? Wape uongozi, sawa. Wape mshahara wa jirani? Wape chumba chake cha kulala?

Sisi Watanzania tuna kisa chetu. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchi nzima kuuliza kama tubaki na chama kimoja au tuwe na vingi. Takriban asilimia 80 walisema tubaki na kimoja. Tume ikapendekeza vingi, na mwaka 1992 vikaja. Nilipokuwa kijana niliona huo ni wizi wa mchana. Sasa nafikiri wajumbe walisikiliza zaidi ya kuhesabu: wengi kati ya wale 80 walitaka chama hicho kimoja kibadilike, na wale 20 walikuwa wanadai kitu ambacho wenzao wasingepungukiwa wakikipata. Aliyetaka kubaki CCM alibaki CCM. Kama ningekuwa mmoja wa wale 80 ningelalamika, nakiri, na malalamiko yangu yangekuwa na uzito wake.

Afrika Kusini walilipitia swali la chumba kwa njia ya ajabu. Gareth Prince, mwanasheria na Rasta, aliiendea Mahakama ya Katiba akisema bangi ni sehemu ya ibada yake. Mwaka 2002 akashindwa, majaji watano kwa wanne. Akarudi, na tarehe 18 Septemba 2018 mahakama hiyo hiyo, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Raymond Zondo, ikasema kwa kauli moja kwamba mtu mzima kuvuta au kupanda bangi kwa matumizi yake faraghani hakupaswi kuwa jinai. Kuuza kulibaki kosa. Mtu ni yule yule, jani ni lile lile. Mara ya kwanza aliuliza kuhusu dini, mara ya pili kuhusu faragha. Majaji hawakupeleka mtu mitaani kuhesabu vidole. Waliuliza, kwa joho na Kiingereza kingi, swali la mzee wa barazani kwetu: huyo utamjuaje, mpaka uvunje mlango?

New Zealand walichagua kuhesabu. Oktoba 2020 walipiga kura ya maoni juu ya kuruhusu bangi: asilimia 50.7 hapana, 48.4 ndiyo. Tofauti haikufika kura 70,000. Siku hiyo hiyo, waliulizwa pia kama mgonjwa asiye na tumaini asaidiwe kufa, na asilimia 65 wakakubali. Sijui nisemeje kuhusu taifa linalomruhusu mtu kuuondoa uhai wake lakini si kuwasha msokoto, isipokuwa kwamba kila swali liliulizwa peke yake, na kila moja lilimkuta mpiga kura akiwa amekaa mahali tofauti. Neno maoni, baada ya yote, limezaliwa na kuona, na mtu huona kutokea pale alipo.

Yule fundi cherehani alikuja kwangu miezi kadhaa baadaye, usiku, kwa mlango wa uani. Mpwa wake, mtoto wa dada yake, amekamatwa karibu na stendi na misokoto miwili mfukoni. Alitaka nimwandikie barua aipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa, apate wa kumsemea. Nikavuta karatasi, nikaandika tarehe na salamu, nikamwuliza tuseme nini juu ya kijana. Akafikiri, huku anasugua kidole kilichozoea sindano.

"Mwalimu, andika ni kijana mtaratibu," akasema. "Andika anavuta kwake. Andika hamsumbui mtu."