Asifuye Picha Ni Shahidi

Ni wachache watokao katika sinema wakiwa kimya. Tarehe 28 Desemba 1895 Auguste na Louis Lumière, mtu na nduguye, waliwaonyesha watu wa Paris picha zao zenye kwenda, kwa kiingilio. Tangu siku hiyo watazamaji wamekuwa na desturi moja isiyobadilika: taa zikisha kuwashwa, kila mmoja hutafuta wa kumwambia aliyoyaona. Huyu asema, "Kaione!" Yule asema, "Usipoteze fedha yako." Siku hizi picha nyingi hutazamwa nyumbani au katika simu ya mkononi, wala hapana taa za kuwashwa, lakini maneno hayo mawili yamebaki yale yale, na husemwa mara nyingi kuliko zamani.

Watu wengi huyahesabu kuwa ni maneno ya kupitisha wakati tu. Sisi twaona kwamba swali lafaa kuulizwa. Je, mtu amsifiaye mwenzake picha, au amkatazaye asiitazame, ana wajibu wowote juu ya neno lake? Au hilo ni jambo la kupenda na kutopenda, lisilohusu dhamiri?

Tuanze na nguvu ya neno lenyewe. Tangazo lililobandikwa ukutani limelipiwa na mwenye picha, nasi twalisoma kwa tahadhari, kama tumsikilizavyo mchuuzi akiyasifu maembe yake. Lakini rafiki hauzi kitu. Hapati hata senti moja tukienda kuitazama picha aliyoisifu. Kwa sababu hiyo twamsadiki. Twamkabidhi fedha zetu, saa mbili au tatu za maisha yetu, na mara nyingi watoto wetu pia, maana wengi huwawekea watoto picha ambayo wao wenyewe hawajaiona, kwa kuwa jirani amesema ni njema. Neno lisadikiwalo namna hiyo si mchezo. Ni ushuhuda, na shahidi, popote asimamapo, ana wajibu.

Labda msomaji atajibu: "Kipendacho roho hula nyama mbichi. Mwenzangu amependa hii, mimi nimependa ile. Ushuhuda uko wapi hapo?" Jibu hili lina kweli ndani yake, ila halitofautishi mambo yanayotofautiana. Mtu asemapo "picha hii ni nzuri" aweza kuwa anasema mojawapo ya mambo matatu. Aweza kusema: imenipendeza. Aweza kusema: imetengenezwa kwa ustadi. Tena aweza kusema: inafaa, yaani yamwonyesha mwanadamu kama alivyo kweli, na aitazamaye hatoki akiwa mtu mbaya kuliko alivyoingia. La kwanza ni habari ya moyo wake, wala hapana awezaye kumbishia. La pili na la tatu si habari zake yeye. Ni habari za picha yenyewe, nazo zaweza kuwa kweli au uongo.

Mfano mmoja watosha kuonyesha jinsi mambo hayo matatu yawezavyo kuachana. Mwaka 1915 D. W. Griffith wa Marekani alitoa picha iitwayo The Birth of a Nation. Kwa ustadi ilizishinda nyingi zilizoitangulia, na mafundi wa sinema wangali wakiichunguza hata leo. Lakini ustadi huo wote ulitumika kuwadhalilisha watu weusi, na kulitukuza kundi la Ku Klux Klan, lililokuwa limewatesa na kuwaua. Kundi hilo lilikuwa limekwisha kufa. Mwaka ule ule wa 1915 likafufuliwa, na aliyelifufua alichochewa na sifa za picha hiyo. Basi, mtu aliyetoka katika sinema akawaambia wenzake "ni nzuri mno," akaishia hapo, alisema nusu ya kweli tu. Na nusu aliyoinyamazia ilikuwa na damu ndani yake. Hatusemi asiusifu ustadi. Twasema kwamba hakuwa na ruhusa ya kuishia hapo.

Sasa tutazame mahali ambapo jambo hili lilifanywa vizuri, tena karibu na kwetu. Katika miaka ya 1950 picha za Kihindi zilipendwa sana Unguja na katika miji ya pwani, na mojawapo iliyopendwa kuliko nyingi ni Awara ya Raj Kapoor, iliyotolewa mwaka 1951. Hakimu Raghunath aamini kwamba mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi. Kwa imani hiyo aliwahi kumtia hatiani mtu asiye na kosa, kwa kuwa tu baba yake alikuwa mhalifu. Kisha shaka yamwingia juu ya mkewe mwenye mimba, amfukuza, na mtoto wao azaliwa njiani, alelewa katika mitaa ya maskini ya Bombay. Je, mtoto huyu atakuwa nani? Damu ya hakimu itamwongoza, au mtaa utamfundisha wizi?

Msomaji aona mara moja kwamba kesi hii si ya Wahindi peke yao. Sisi tuna methali isemayo mtoto wa nyoka ni nyoka. Watazamaji wengi hawakujua Kihindi. Waliojua waliwafasiria wenzao, na yaliyosalia yalisomeka katika nyuso za wachezaji. Mwanahistoria Laura Fair amekusanya kumbukumbu za wazee waliokuwa wakienda sinema Unguja na Tanganyika siku hizo, na kumbukumbu hizo zaonyesha kwamba picha hazikuisha pazia liliposhuka. Zilizungumzwa na kubishaniwa, na watu walipima kwazo mapenzi, ndoa na wajibu wa wazazi. Mtu aliyemwambia jirani yake "kaione Awara" alikuwa anamkabidhi swali: je, methali yetu ni ya kweli siku zote? Huo ndio ushuhuda mwema wa mtazamaji. Hautoi hukumu tupu. Hutoa sababu, na humwachia mwenzake kazi ya kufikiri. Mwisho wa Awara hatutausimulia hapa, maana wako wasiopata kuiona; na kumnyang'anya mtu mwisho wa hadithi ni wizi, ingawa ni wizi mdogo.

Kutokana na hayo twaona kwamba mtazamaji ana deni la kwanza, nalo ni deni la kweli. Amri ya nane haikuwekwa kwa ajili ya mahakama peke yake. Asiyeiona picha aweza kusema "nimesikia", hawezi kusema "najua." Aliyeona nusu yake aseme kwamba ameona nusu. Na anayeilaumu na akumbuke kwamba picha ni kazi ya mikono ya watu wengi, ambao jina lao na riziki yao vyaweza kuharibiwa na uvumi.

Kanisa lenyewe limepita katika shule hii, si bila maumivu. Mwaka 1934 Wakatoliki wa Marekani walianzisha chama kilichoitwa Legion of Decency, ambacho wanachama wake waliahidi kuziepuka picha chafu, na picha zikapangwa katika madaraja. Mwaka 1936 Papa Pius XI, katika barua yake Vigilanti Cura, aliisifu kazi hiyo, akataka kila nchi iwe na ofisi ya kuzichunguza picha na kuwajulisha waamini. Kusudi lilikuwa jema. Wazazi hawakuwa na mtu wa kuwaambia kilichomo ndani ya picha isipokuwa mwenye kuiuza.

Lakini mwisho wa mwaka 1950 ilionyeshwa mjini New York picha fupi ya Roberto Rossellini wa Italia, iitwayo Il miracolo. Mwanamke maskini, mchunga mbuzi, mwenye akili isiyotulia, akutana na msafiri, naye amdhania kuwa ni Mtakatifu Yosefu. Apata mimba, na watu wa kijiji wamdhihaki. Wengi waliona kwamba picha hiyo yaitukana dini. Januari 1951 Kardinali Spellman aliwataka Wakatoliki waikatae, na watu wakasimama na mabango mbele ya ukumbi. Wengine, nao ni Wakatoliki, waliona kwamba namna ile ya kupigana haikuwa sawa, na katika jarida la Commonweal jambo hilo liliandikwa waziwazi. Mwaka 1952 Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua kwamba picha haiwezi kupigwa marufuku kwa hoja ya kukufuru.

Hatuyataji haya ili kuwahukumu waliokwisha kufa. Twayataja kwa ajili ya yaliyofuata. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya picha 45 zinazostahili kukumbukwa: 15 za dini, 15 za maadili, na 15 za sanaa. Il miracolo haimo. Lakini zimo picha mbili za Rossellini yule yule, mojawapo ikiwa ni ile ya Mtakatifu Fransisko na ndugu zake. Imo pia picha ya Injili ya Mateo ya mwaka 1964, iliyotengenezwa na Pier Paolo Pasolini, mtu asiyekuwa na imani. Hapa pana fundisho kwa kila mpenzi wa sinema. Hukumu iwe ya picha, isiwe ya mtu wala ya jina lake. Mtu aliyelifuta jina la Rossellini moja kwa moja mwaka 1951 alijinyima mema ambayo Kanisa lake lilikuja kuyasifu.

Deni la pili ni kwa jirani. Katika orodha hiyo hiyo imo Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1948. Antonio Ricci wa Roma, aliyekaa muda mrefu bila kazi, apata kazi ya kubandika matangazo, kwa sharti awe na baiskeli. Siku ya kwanza baiskeli yaibwa, naye azunguka mji akiitafuta pamoja na mwanawe mdogo, Bruno. Mtoto yule aona yote ayafanyayo baba yake. Hakuna uchafu wowote katika picha hii. Hata hivyo, kijana aliyehangaika mwaka mzima kutafuta kazi aweza kuitazama na kupata faraja, kwamba yuko mtu aliyeielewa taabu yake. Au aweza kuitazama siku mbaya akazidiwa na huzuni. Picha ni ile ile. Mtazamaji si yule yule. Kwa hiyo anayependekeza yampasa amjue anayempendekezea, kama mpishi ajuavyo nani mgonjwa na nani mzima kabla ya kupakua.

Ndiyo sababu orodha, hata iwe njema namna gani, haitoshi bila mazungumzo. André Bazin, Mkatoliki wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1958 akiwa na miaka 40 tu, alilifahamu jambo hili kuliko wengi. Baada ya vita kuu ya pili aliwapelekea wafanyakazi picha, akazitazama pamoja nao, kisha akazungumza nao juu ya waliyoyaona. Yeye alikuwa mmoja wa walioanzisha jarida la Cahiers du cinéma mwaka 1951, na wasomi walimsikiliza, lakini hakuwaona wafanyakazi kuwa ni watu wa kuambiwa tu, "hii nzuri, hii mbaya." Aliwaheshimu kiasi cha kubishana nao.

Lisalo la mwisho ni la msikilizaji, maana naye hayuko huru. Siku hizi imekuwa desturi kuipa picha nyota au alama, na watu huuliza, "Imepata ngapi?" Nyota tano zaweza kutolewa na mtu aliyependezwa, na fundi aliyeustaajabia ustadi, na mzazi aliyeona kwamba picha yafaa; nazo zote zafanana. Namba yalificha lile hasa tulilotaka kujua, yaani sababu. Tena wingi wa watu si hakika. It's a Wonderful Life ya Frank Capra ilipotolewa mwaka 1946 haikurudisha fedha zilizotarajiwa. Miaka mingi baadaye, ikionyeshwa tena na tena katika televisheni, watu waliipenda, na mwaka 1995 ikawa katika orodha tuliyoitaja. Picha haikubadilika hata kidogo katika miaka hiyo yote.

Basi, ndugu wasomaji, hatuwaombi mnyamaze juu ya picha mzionazo. Kinyume chake, zungumzeni zaidi. Lakini mtu akikuuliza, "Picha ile ikoje?" mwambie kwanza kama umeiona. Mwambie lililokupendeza, lililofanywa kwa ustadi, na lililo jema au baya ndani yake, wala usiyachanganye. Fikiri ni nani aliye mbele yako, na kama ana watoto watakaoketi naye. Kisha mwachie mwisho wa hadithi, na umwachie dhamiri yake. Nawe uliyeuliza, usiridhike na "nzuri" wala na "mbaya", uliza, "Kwa nini?" Rafiki asiyeweza kulijibu swali hilo hajawa shahidi bado, na neno lake lipokelewe kama lipokelewavyo tangazo la ukutani.