Samaki 153 na Uaminifu wa Kuhesabu

Jumapili moja, baada ya ibada na mnada wa mazao, kijana mmoja wa hapa Sombetini alitungoja mlangoni pa ofisi. "Shikamoo Mchungaji. Ile namba ya samaki, 153, Mungu ameficha nini ndani yake?"

Tulifurahi, kwa maana tulikuwa tumehubiri Yohana 21. Lakini furaha haikudumu. Mama yake alikuwa amempa rejesho la kikoba alipeleke, naye nusu yake akaichezea bahati nasibu kwa tarakimu 1, 5 na 3. Hela ikaliwa. Nasi tulikuwa na sehemu yetu katika kosa lile: mimbarani tulisema namba hiyo ina siri kubwa, tukaishia hapo, watu wakaitikia amina.

Je, Mungu huficha ujumbe katika namba?

Tukiri kwanza kwamba 153 inapendeza. Jumlisha 1, 2, 3 na kuendelea hadi 17, utaipata. Chukua kipeo cha tatu cha kila tarakimu yake: 1, 125 na 27; jumla ni 153 tena. Zaidi ya hayo, anza na namba yoyote kuanzia 3 inayogawanyika kwa 3, ufanye vivyo hivyo na kurudia. Ukianza na 12 utapata 9, kisha 729, 1080, 513, na mwishowe 153. Ukifika hapo hutoki.

Augustino, Mwafrika mwenzetu, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliitafakari ile 17: amri 10 na vipawa 7 vya Roho. Ni tafakari njema. Lakini 370, 371 na 407 nazo hujirudia kwa vipeo vya tatu, wala hakuna wavu uliozivua. Uzuri huo ungekuwepo hata kama Petro asingekwenda ziwani usiku ule. Ukweli wa hesabu ni zawadi ya Muumba kwa wote, waaminio na wasioamini. Hauombewi, haununuliwi, wala haumtajirishi mtu kwa ndoto.

Basi kwa nini Yohana aliiandika? Sisi tunaona jambo jepesi, tena zito: kuna mtu aliyewahesabu. Bwana aliyefufuka amesimama ufukweni, samaki wako juu ya makaa, na bado hesabu ilifanyika hadi yule wa mwisho. Haikuandikwa "kama mia na nusu." Wavuvi hugawana, bila hesabu ya kweli, mwenzako hapati haki yake. Muuza samaki wa soko la Mbauda analijua hilo bila kusoma teolojia. Muujiza haukufuta wajibu wa kuhesabu.

Ndiyo maana wazee wa kanisa hawahesabu sadaka mtu mmoja peke yake. Hatuwashuku; tunalinda kilicho cha wengine.

Tulimwambia yule kijana kwamba namba aliyopaswa kuitafuta haikuwa ndotoni. Ilikuwa katika daftari la kikoba, mbele ya jina la mama yake. Tukafuatana naye hadi nyumbani, akasema yote. Mama alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja: "Imebaki shilingi ngapi?"

Akazitoa mfukoni, akaziweka mezani, akaanza kuhesabu.